Usingizi wa mtoto mchanga ulivyoundwa, na namna ya kuusaidia

Kila nyumba yenye mtoto mchanga ina mashitaka yaleyale. Mchana kutwa analala, wageni wanaokuja kumwona wanamkuta amelala fofofo, lakini ikifika saa tano usiku macho kodo. Kuanzia hapo hadi alfajiri ni kunyonya, kulia, kubebwa, kulazwa, kushtuka, kulia tena. Ushauri nao hauchelewi kufika. Shangazi anasema maziwa ya mama ni mepesi, jirani anasema mtoto ana chango, mwingine ananong'ona habari za kijicho, na duka la dawa lina chupa ya kumaliza mjadala. Katikati ya maneno yote hayo yupo mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita, mwili haujapona, na ameanza kuamini kuwa kuna kitu anakikosea.

Kwa kawaida hakosei kitu. Usingizi wa mtoto mchanga una umbo lake, na hakuna nguvu ya kuulazimisha ufanane na wa mtu mzima kabla ya wakati. Yapo mambo yanayousaidia kweli, yapo yanayomchosha mama bure, na yapo yanayofanywa kwa nia njema kabisa ya kumtuliza mtoto ilhali yanaweza kumuua. Ili kuyatenganisha, tuanze na mwili wenyewe wa mtoto.

Tumbo dogo, saa ambayo haijapata majira

Ukijumlisha vipande vyote, mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku nzima ya saa 24. Hakuna mtu ndani ya nyumba anayelala kumshinda. Ila usingizi wake huja vipande vipande vya saa mbili, tatu, nne, usiku na mchana bila ubaguzi.

Sababu ya kwanza ni chakula. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng'enywa haraka, ndiyo maana hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Kuamka usiku ili anyonye hakumaanishi kwamba maziwa ni mepesi. Ndivyo anavyokua. Tena katika wiki mbili za mwanzo ninamwogopa zaidi mtoto anayelala mno kuliko anayeamka mno. Watoto wengi hupungua uzito kidogo siku za kwanza baada ya kuzaliwa, kisha huurudisha ndani ya wiki mbili hivi. Mpaka uzito huo urudi, akipitiliza saa nne bila kunyonya mwamshe: mfunue nguo, msugue nyayo, mbadilishe nepi, umweke kwenye titi.

Sababu ya pili iko kichwani. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna sehemu ndogo sana inayoongoza mwili ujue sasa ni usiku, sasa ni mchana. Alipokuwa tumboni, mtoto aliazima majira ya mama: homoni ya usingizi, melatonini, ilimfikia kupitia kondo la nyuma. Kitovu kilipokatwa, mkopo huo uliisha. Ubongo wake unahitaji kama miezi miwili hadi mitatu ili uanze kutoa melatonini yake kwa mpangilio unaoeleweka. Kwa hiyo tunaposema mtoto "amegeuza usiku kuwa mchana" tunamsingizia. Bado hajaujua usiku.

Mwanga ndio mwalimu mkuu wa sehemu hiyo, na hapa lazima niseme jambo kuhusu arobaini. Desturi ya kumweka mzazi na mwanawe ndani kwa siku 40 ina hekima kubwa: mama anapumzika, anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga na supu, mtoto hapitishwi mikono ya kila mtu. Lakini katika nyumba nyingi chumba cha mzazi hufungwa madirisha na mapazia mchana kutwa, na taa ikawaka usiku kucha. Mtoto wa chumba hicho atajifunzia wapi tofauti ya usiku na mchana? Arobaini inaweza kubaki vilevile na pazia likafunguliwa. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumejaliwa: saa moja asubuhi kumekucha, saa moja usiku giza limeingia, mwaka mzima. Asubuhi fungua dirisha, mlete mtoto karibu na mwanga bila kumwanika juani, zungumza naye, acha vyombo vilie jikoni na watoto wengine wacheze. Usiku fanya kinyume. Taa iwe hafifu, tena ya pembeni, si tochi ya simu usoni pake. Mnyonyeshe bila mazungumzo, mbadilishe nepi ikiwa tu ina kinyesi au imelowa sana, mrudishe alale. Usitarajie matunda wiki hii. Kazi hii huonekana baada ya wiki kadhaa.

Maziwa yenyewe pia yanafundisha. Maziwa ya usiku yana melatonini, ya mchana karibu hayana. Mama anayekamua na kuhifadhi afanye vizuri kuandika saa juu ya chombo, ili ya usiku yanyweke usiku. Hili linawahusu wengi, maana likizo ya uzazi kisheria ni siku 84 Tanzania, 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na miezi mitatu Kenya. Yaani mama anapitia kipindi kigumu chote nyumbani, na saa ya mtoto inapoanza kushika majira, yeye anarudi kazini akiwa hoi. Mwajiri anayedhani likizo ya uzazi ni mapumziko angejaribu kukesha nayo wiki moja.

Usingizi wenye vurugu

Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba usingizi una awamu ambayo macho hucheza kwa kasi chini ya kope. Njia iliyomfikisha Aserinsky hapo ilianzia kwa kuchunguza macho ya vichanga waliolala. Na kweli, kwa kichanga huhitaji mashine. Msogelee mtoto wa wiki mbili aliyelala dakika kumi zilizopita. Kope zimefumba nusu, na chini yake mboni zinakwenda huku na huku. Anakunja uso kama atakayelia, uso unakunjuka, mdomo unanyonya hewa, kisha tabasamu, na wazee wanasema anacheka na malaika. Kidole kinaruka. Pumzi zinakwenda mbio, zinatulia sekunde chache, zinaanza tena. Anaguna, anajinyonganyonga, anatoa kilio kifupi. Na wakati wote huo amelala.

Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga uko hivyo. Mtu mzima huanza na usingizi mzito, mtoto mchanga huanza na huu wa vurugu, na mzunguko wake mzima huchukua kama dakika 50 hadi 60. Ndiyo kusema katika kila saa anapita mahali ambapo anasikika kama ameamka. Wazazi wengi humwamsha mtoto hapo bila kujua. Anaguna, mama anamnyanyua, anamwashia taa usoni, anamtia titi mdomoni, na mtoto aliyekuwa anapita tu kutoka mzunguko mmoja kwenda mwingine sasa yuko macho kabisa. Subiri kidogo. Weka mkono kifuani pake, sikiliza. Akiwa anatafuta titi, anapeleka ngumi mdomoni, kilio kinapanda, basi ameamka, mnyonyeshe. Akitulia, mwache.

Mirukoruko hiyo ya mikono na miguu huogopesha nyumba nzima, kwa sababu wengi wameshaona degedege au wamesimuliwa. Tofauti ipo. Mruko wa usingizini hukoma mtoto akiamshwa, na macho yake yakifunguka anakutazama kama kawaida. Degedege haikomi kwa kumwamsha, na ukiushika mkono unaotetemeka bado utausikia ukitetemeka. Macho yanaweza kukaza upande mmoja, au midomo ikabadilika rangi. Hiyo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, kabla ya mganga, kabla ya dua ya mtu yeyote aliye mbali. Dua isomwe njiani.

Kumlaza bila kumwamsha

Mtoto kalala mikononi, kaguswa godoro, kaamka. Hakuna kinachowakatisha tamaa wazazi kama hiki, na kina maelezo. Kwanza, unamlaza akiwa bado kwenye usingizi wa juujuu. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani wakiongozwa na Kumi Kuroda walichapisha uchunguzi mdogo kuhusu vichanga wanaolia. Waliona kwamba kumbeba mtoto huku unatembea kwa dakika 5 hutuliza na kulaza wengi, lakini ukimshusha papo hapo huamka. Pendekezo lao: ukishatembea, kaa naye kifuani dakika 5 hadi 8 nyingine, ndipo umshushe. Bibi yeyote angekwambia usiwe na haraka, na sasa haraka hiyo imepimwa kwa dakika.

Pili, kuna ule mshtuko wa kutupa mikono. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Mwaustria Ernst Moro aliueleza vizuri hata ukapewa jina lake: kichwa cha mtoto kikilegezwa ghafla kwenda nyuma, mikono hufunguka pande zote, vidole vikatanuka, kisha hujikumbatia. Wengine husema ameona jini. Ni silika ya kila mtoto mwenye afya, na huisha yenyewe ndani ya miezi michache. Usipotaka kuiamsha, inama mpaka kifua chako kikaribie godoro ukiwa bado umemkumbatia. Anza kuweka matako na miguu, fuata mgongo, kichwa kiwe cha mwisho. Usiuchomoe mkono chini ya kisogo kwa ghafla. Mkono mwingine ubaki umeikusanya mikono yake juu ya kifua kwa muda, uondoke taratibu. Ukipenda kumvingirisha, tumia khanga nyepesi, imbane mabegani na mikononi tu, nyonga na magoti yawe huru kukunjuka kama chura, maana kuinyoosha na kuifunga miguu kunaweza kuharibu nyonga. Na siku atakapoanza kujaribu kujigeuza, acha kumvingirisha.

Nawaomba pia watu waache kuwatisha akina mama kwamba mtoto "atazoea mikono". Mwaka 1986 Urs Hunziker na Ronald Barr walichapisha utafiti uliofanyika Montreal, Kanada, ambapo kundi moja la mama liliombwa kuwabeba watoto wao zaidi kila siku hata wakiwa hawalii. Walipofika wiki 6, umri ambao kilio huwa kileleni, watoto hao walilia pungufu kwa asilimia 43 wakilinganishwa na wenzao. Mbeleko ilishalijua hilo zamani. Mtoto wa mwezi mmoja haharibiki kwa kubebwa. Ila shingo yake haijakaza, hivyo mbebe kifuani kwanza, pua na mdomo vionekane, kidevu kisizame kifuani pake. Mgongoni kungoje shingo ishike.

Kilio hupanda kuanzia wiki ya pili hivi, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hushuka. Watoto wengi wenye afya hulia saa mbili au zaidi kwa siku wakati huo, hasa jioni, na mara nyingine hakuna dawa ila kungoja. Ukihisi hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje ya mlango, pumua, mwite mtu. Kamwe usimtikise. Ubongo wake hauhimili.

Chupa, uji na dawa

Dawa maarufu ya kutuliza watoto, gripe water, ilitengenezwa na mfamasia William Woodward mjini Nottingham, Uingereza, mwaka 1851. Mchanganyiko wake wa awali ulikuwa na sukari, mafuta ya mbegu za bizari na pombe. Pombe hiyo ilikuja kuondolewa, sukari haishangazi kwamba humnyamazisha mtoto kwa muda, lakini dawa yenyewe haina ushahidi wa maana wa kuponya msokoto wa tumbo wala kuleta usingizi. Chini ya miezi 6 mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, na chupa na kijiko kisichochemshwa vyema huleta kuhara ambako kutamnyima usingizi kwelikweli.

Uji nao hupewa vichanga ili "washibe walale". Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha watoto walioanza vyakula wakiwa na miezi 3 na wale walioshikilia titi pekee hadi karibu miezi 6. Tofauti ya usingizi wa usiku ilipokuwa kubwa kuliko wakati wote haikufika dakika 20. Dakika hizo hazistahili hatari ya kuhara na ya kupaliwa, tena watoto wale hawakuwa vichanga na maji yao yalikuwa safi ya bombani.

Kuna hili la tatu ambalo husemwa kwa sauti ya chini: tone la dawa ya mafua yenye kuleta usingizi, ili mtoto alale na mama apate kazi zake. Dawa hizo zinaweza kuzima pumzi za mtoto mchanga. Mtoto anayelala kwa dawa hiyo amelewa. Mweleze wazi kila anayebaki naye nyumbani, kwa upole, bila kumtuhumu, na umpunguzie kazi ili asishawishike.

Mahali pa kulala

Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya na Marekani waliwaelekeza wazazi kuwalaza watoto kifudifudi. Uchunguzi uliofanywa na Peter Fleming na wenzake huko Bristol, na wengine New Zealand, ulionyesha kuwa mlalo huo ulihusiana sana na vifo vya ghafla vya vichanga usingizini. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Badiliko la mlalo tu, bila dawa wala mashine. Wanaoogopa kuwa mtoto akicheua atapaliwa wajue kwamba akiwa chali njia ya hewa huwa juu ya ile ya chakula, na maziwa yanayopanda hushuka tena bila kuingia mapafuni. Mcheulishe baada ya kunyonya, kisha mlaze chali, kila mara, mchana na usiku.

Juu ya kulala kitanda kimoja, miongozo ya Marekani inasema chumba kimoja, vitanda tofauti, angalau miezi 6 ya mwanzo. Wapo watafiti kama James McKenna wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, na Helen Ball wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, waliochunguza mama wanaonyonyesha wakiwa wamelala na watoto wao, wakaona jinsi mama anavyojikunja kumzunguka mtoto na kuamka naye. Kwetu, ambako familia nyingi zina chumba kimoja na kitanda kimoja, kumwambia mama "usilale naye" bila kumpa pa kumlaza ni kumsukuma akanyonyeshee kwenye kochi saa nane usiku, na kusinzia kwenye kochi na mtoto ni hatari kuliko kitanda. Nafikiri ni haki kusema hivi: pake peke yake karibu nawe ni salama zaidi. Mkilala pamoja, godoro liwe gumu lisilobonyea, mito na mablanketi mazito yakae mbali na uso wake, asilale kati ya watu wawili wala karibu na kaka yake wa miaka mitatu, na asiwepo kitandani aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa ya usingizi. Aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo asilazwe hivyo usingizini. Wake ni kifua cha mama aliye macho, ngozi kwa ngozi, kwa huduma ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto hao kwa robo.

Chandarua chenye dawa kichomekwe kila usiku. Joto nalo litazamwe: Dar es Salaam na Mombasa unamkuta mtoto kavishwa sweta, soksi, kofia ya sufu na blanketi mbili, jasho linamtiririka. Mguse kifuani au nyuma ya shingo, maana viganja vya kichanga huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha. Akiwa na jasho, punguza. Kule kwenye baridi ya kweli, Njombe, Arusha, Limuru mwezi wa saba, mwongezee nguo lakini usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kama makaa yameshakuwa mekundu na moshi hauonekani. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na imewamaliza watu wazima na watoto katika chumba kimoja usiku mmoja.

Kuna usingizi ambao si wa kungoja uishe. Mtoto asiyeamka hata kunyonya, aliyelegea, mwenye joto la 37.5 au zaidi, au aliyepoa chini ya 35.5, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayebonyea kifua, mwenye macho na viganja vya manjano: mpelekeni kituo cha afya sasa, usiku uleule.

Usingizi wa mama

Kinachoweza kubadilika haraka, tofauti na usingizi wa mtoto, ni mgawanyo wa usiku baina ya watu wazima. Zamani nyumba ya mzazi ilijaa: bibi, shangazi, wifi, binti wa jirani. Mjini mama hujikuta peke yake na mume anayesema ana kazi asubuhi. Mama naye ana kazi asubuhi, kama aliyokuwa nayo usiku. Asiyepata kipande kirefu cha usingizi kwa wiki mfululizo huanza kulia bila sababu, kuchukia chakula, pengine hata kumwogopa mwanawe, na hilo ni ugonjwa unaotibika. Muuguzi wa kliniki aambiwe siku ya kupima uzito.

Baba hana titi lakini ana kifua na miguu. Mama anyonyeshe saa mbili usiku na alale papo hapo, chumba kingine kama kipo. Baba amcheulishe mtoto, ambadilishe nepi, atembee naye, akae naye, amlaze, amwamshe mama pale tu mtoto anapodai titi. Mama atapata saa tatu, pengine nne, zisizokatika, kabla zamu ya usiku wa manane haijamfikia. Bibi akiwepo, yeye ndiye anayefaa saa kumi na moja alfajiri, maana amekwisha amka kwa sala, na mtoto akinyonya muda huo hukubali kubebwa na yeyote mpaka jua lichomoze.